Akiba ya Mpira Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Sisi tunaoishi huku Uingereza, ambako mazungumzo ya barazani yamehamia kwenye mpira, tumelisikia neno hilo likitumiwa mara nyingi kutetea upande mmoja wa ubishi usiokwisha. Ubishi wenyewe ni huu: je, klabu ndogo, isiyo na fedha za kuchezea, iwe na timu ya akiba, yaani kikosi cha pili chenye makocha wake na mechi zake, au iachane na gharama hiyo ili fedha zote ziende kwa timu ya kwanza?

Wanaotaka iwepo husema kwamba bila kikosi cha pili kijana wa miaka kumi na minane hana pa kukomalia. Wasiotaka hujibu kwamba klabu inayohangaika kulipa mishahara haina sababu ya kulipa watu wengine ishirini wasiocheza Jumamosi. Pande zote mbili zina hoja, na ndiyo maana tumeona bora tuirudie historia. Timu ya akiba haikuletwa na wazo zuri la mtu mmoja. Ililetwa na mahitaji, na mahitaji yalipobadilika, nayo ikabadilika.

Maoni yetu tuyatoe mapema, msomaji asije akadhani tunamficha. Katika mpira akiba huoza, tena upesi, ikiwa haitumiki. Klabu ndogo iwe na kikosi cha pili pale tu ambapo mlango wa kuingia kikosi cha kwanza uko wazi na unajulikana nani anaushika. Mlango ukifungwa, kikosi hicho ni gharama kwa klabu na hadaa kwa vijana.

Zama za watu kumi na mmoja

Kiswahili chetu humwita mchezaji wa akiba yule aliyekaa benchi akingoja kuingia. Waingereza wa zamani hawakuwa na mtu huyo. Katika ligi yao, hadi mwaka 1965, timu iliingia uwanjani na watu kumi na mmoja basi, na akiumia mmoja walibaki kumi. Katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1956 kipa wa Manchester City, Bert Trautmann, alivunjika mfupa wa shingo na bado akamaliza mechi akiwa langoni, kwa kuwa hapakuwa na wa kumpokea.

Kwa hiyo akiba ya siku hizo haikukaa benchi. Ilikuwa kwenye uwanja mwingine, ikicheza. Mwaka 1911 klabu za kaskazini na za katikati ya nchi zilianzisha Central League kwa ajili ya vikosi vyao vya pili. Huko London, mashindano yaliyoanza mwaka 1915 kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia yaligeuzwa baada ya vita kuwa ligi ya vikosi vya pili vya klabu za kusini. Mchezaji aliyeporomoka kiwango alishushwa huko, aliyepona jeraha alipitia huko, na kijana aliyetoka viwanja vya mitaani alipimwa huko dhidi ya watu wazima wenye viwiko vigumu.

Klabu ndogo ziliyamudu haya kwa sababu mbili ambazo si za kujivunia sana. Kwanza, tangu mwaka 1901 palikuwa na kima cha juu cha mshahara. Kilianzia pauni 4 kwa wiki, na hadi kilipofutwa Januari 1961 kilikuwa kimefika pauni 20 tu. Pili, mchezaji aliyemaliza mkataba hakuwa huru. Klabu iliweza kuendelea kumshikilia maadamu imempa ofa, naye hakuruhusiwa kwenda kucheza kwingine. Kwa lugha nyepesi, kikosi cha pili kilikuwa ghala la watu wa bei nafuu wasio na pa kwenda. Wanaotukumbusha kwamba zamani kila klabu ilikuwa na timu ya akiba wanasema kweli, ila husahau kutaja ni nani aliyelipa gharama yake.

Hata hivyo, ghala hilo liliwahi kuokoa. Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyobeba Manchester United ilianguka Munich, na wachezaji wanane wakapoteza maisha. Siku kumi na tatu baadaye klabu ilipaswa kucheza na Sheffield Wednesday, na katika kitabu cha mechi nafasi za majina ya wachezaji wake zilichapishwa tupu. Msaidizi wa Matt Busby, Jimmy Murphy, aliokoteza timu kutoka kwa walionusurika, wageni wawili waliosajiliwa haraka, na vijana wa vikosi vya chini. Mmoja wao, Shay Brennan, aliyekuwa hajawahi kuichezea timu ya kwanza, alifunga mabao mawili katika ushindi wa 3-0. Mwezi Mei timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la FA. Manchester United haikuwa klabu ndogo, lakini mfano huu unafaa klabu yoyote. Vijana wale waliweza kuingia kwa sababu walikuwa wamezoea kucheza, na Murphy aliwajua mmoja mmoja.

Ghala lilivyobomoka

Timu za akiba hazikufa siku moja. Januari 1961 chama cha wachezaji, kikiongozwa na Jimmy Hill, kilifanikiwa kuondoa kima cha juu cha mshahara. Mwaka 1963 mahakama, katika kesi ya George Eastham dhidi ya klabu yake ya Newcastle United, ilitikisa ile kanuni ya kumshikilia mchezaji. Tarehe 21 Agosti 1965 Keith Peacock wa Charlton Athletic akawa mtu wa kwanza kuingia kama mbadala katika mechi ya ligi. Kuanzia hapo benchi lilirefuka taratibu, na kila kiti kilichoongezwa kilimtoa mtu mmoja kwenye uwanja wa kikosi cha pili na kumkalisha kando ya uwanja wa kwanza, amevaa koti.

Ukaja upande wa fedha. Mwaka 1983 klabu za ligi ziliacha utaratibu wa mwenyeji kumgawia mgeni sehemu ya viingilio, na waliokuwa na viwanja vikubwa wakazidi kuneemeka. Desemba 1995 hukumu ya Bosman ilifungua njia ya mchezaji aliyemaliza mkataba kuondoka bila klabu yake kulipwa, ingawa hapa Uingereza kijana wa chini ya miaka 24 aliendelea kulipiwa fidia. Mwaka 1999 klabu za Ligi Kuu zilijitenga na kuanzisha ligi yao ya vikosi vya pili, na klabu ndogo zikapoteza zile jioni za katikati ya wiki ambapo vijana wao walikutana na majina makubwa yanayorudi kutoka kwenye majeraha. Kisha machipuko ya mwaka 2002 televisheni ya ITV Digital ilifilisika ikiwa na mkataba wa pauni milioni 315 na klabu za madaraja ya chini. Klabu zilizokwisha kuzitumia fedha hizo kabla ya kuzipata zilianza kupunguza watu, na aliyepunguzwa mwanzo ni yule ambaye mashabiki hawamjui.

Mahali pa kikosi cha pili pakachukuliwa na mkopo. Klabu kubwa yenye vijana wengi humkopesha mmoja kwa klabu ndogo kwa miezi sita, na mshahara hugawanywa. David Beckham alipitia Preston mwaka 1995, Harry Kane alipitia Leyton Orient mwaka 2011. Kwa klabu ndogo mpango huu una raha yake, kwani inapata mchezaji leo bila kumlea jana. Ila ni sawa na kulima shamba la kukodi. Msimu ukiisha mwenye shamba hulichukua, pamoja na mbolea uliyoitia.

Wycombe, Brentford na Crewe

Tuzitazame sasa klabu tatu zilizojibu swali letu kwa njia tatu.

Wycombe Wanderers, klabu ya mji mdogo wa Buckinghamshire, ilikuwa katika hali mbaya ya fedha mwaka 2012 wakati mashabiki wake, kupitia umoja wao, walipoichukua. Moja ya maamuzi ya mwaka huo ni kufunga kituo cha kukuza vijana. Uamuzi huo uliuma, maana miezi michache nyuma, Oktoba 2011, kijana wa kituo hicho Jordon Ibe alikuwa amefunga bao la ligi akiwa na miaka 15, na kabla ya mwaka kwisha akachukuliwa na Liverpool. Kijana mwingine wa pale, Kortney Hause, aliuzwa Wolverhampton Wanderers Januari 2014. Mei mwaka huohuo Wycombe iliponea chupuchupu kushuka kutoka ligi nzima kwa tofauti ya mabao, siku ya mwisho, ilipoishinda Torquay 3-0 ugenini. Miaka sita baadaye, Julai 2020, ilipanda daraja la pili la nchi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Nani atasema walikosea? Mgonjwa wa kukata roho haulizwi habari za watoto atakaozaa. Lakini tukumbuke kwamba Ibe na Hause walikuwa mazao ya shamba lililofungwa, na waliosaidia kulibeba jahazi katika miaka migumu ni miongoni mwa waliopandwa zamani.

Wakati huohuo kanuni za nchi zilikuwa zimebadilika. Oktoba 2011 klabu za madaraja ya chini zilipiga kura, 46 kwa 22, kukubali mpango mpya wa Ligi Kuu wa kukuza wachezaji. Vituo viligawanywa katika ngazi nne, na fidia ya kumchukua mtoto ikapangiwa bei. Mpango ulipoanza, mwaka mmoja wa malezi ya mtoto wa kati ya miaka 9 na 11 ulikuwa na thamani ya pauni 3,000. Klabu ndogo iliyomlea mtoto hodari ilijua kwamba wakubwa wakimtaka, watamchukua kwa bei ya gari kuukuu.

Brentford ya London magharibi iliyaona haya kwa macho yake. Mei 2016, baada ya vijana wake wawili kuchukuliwa na klabu mbili za Manchester, ilitangaza kufunga kituo chake kizima. Watoto kuanzia wadogo kabisa hadi wa miaka 16 waliambiwa watafute pengine, na wazazi wao wengi hawakuisahau siku hiyo. Badala ya kituo ikaundwa timu B, kikosi kimoja cha vijana wa karibu miaka 17 hadi 21. Miaka ya mwanzo haikuwa na ligi. Ilicheza mechi za kirafiki na vikosi vya klabu kubwa za hapa na za Ulaya, ikifundishwa mchezo uleule wa timu ya kwanza. Wachezaji wake wengi walikuwa wale walioachwa au kukosa nafasi kwingine, ambao umri wao haukuruhusu tena wakubwa kuwachukua kwa bei ya mtoto.

Matokeo yalionekana. Beki Chris Mepham, aliyepita katika timu hiyo, aliuzwa Bournemouth Januari 2019 kwa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 12. Wakosoaji wana haki ya kutukumbusha kwamba aliingia Brentford mwaka 2012, kupitia kituo kilekile kilichofungwa. Mwingine ni Marcus Forss, kijana wa Kifini aliyetoka West Bromwich Albion na kuingia timu B mwaka 2017. Tarehe 22 Mei 2021, katika nusu fainali ya kuwania kupanda, ndiye aliyefunga bao la tatu lililoitoa Bournemouth. Wiki moja baadaye Brentford iliifunga Swansea 2-0 Wembley na kuingia Ligi Kuu. Mwaka 2023 timu B yenyewe ikatwaa Kombe la Ligi Kuu la vijana. Na jambo la kutafakari ni kwamba kuanzia mwaka 2022 klabu hiyohiyo, ikiwa sasa na fedha, ilianza kujenga kituo upya.

Wa tatu ni Crewe Alexandra, klabu ya mji wa reli huko Cheshire. Dario Gradi alifika mwaka 1983, na kwa karibu robo karne aliishikilia kwa kanuni moja: tunamlea au tunamwokota aliyeachwa, tunamchezesha, kisha tunamuuza. David Platt alitoka huko, naye alikuwa ameachwa na Manchester United. Neil Lennon alikuwa ameachwa na Manchester City. Danny Murphy alilelewa palepale. Mwaka 1997 Crewe ilipanda daraja la pili kwa kuifunga, ya Mungu mengi, Brentford. Na tarehe 27 Aprili 2013, dhidi ya Walsall, wachezaji wote kumi na mmoja walioanza walikuwa wametokana na kituo cha klabu, na wakashinda 2-0.

Lakini hatuwezi kuisifu Crewe tukanyamaza juu ya upande wa giza. Mwaka 2018 mtu aliyekuwa mkufunzi wa vijana pale katika miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini alihukumiwa kifungo kirefu kwa kuwadhulumu watoto, na ripoti huru ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba klabu haikufanya ya kutosha kuwalinda. Mtoto wa mtu si akiba ya ghalani. Ni amana. Klabu isiyo na uwezo wa kuilinda amana hiyo haina haki ya kuipokea, hata kama hesabu za uhamisho zinapendeza.

Tunalojifunza

Sisi tuliosomea uhandisi tunaijua pampu ya akiba. Ukiifunga mahali pake na usiiwashe kamwe, siku pampu kuu itakapokufa utakuta ya akiba imeshika kutu na muhimili haugeuki. Dawa yake ni kuiwasha kwa zamu, hata kama ile kuu ni nzima. Mchezaji wa miaka kumi na tisa ni hivyohivyo. Misimu miwili ya mazoezi bila mechi yenye maana humrudisha nyuma kuliko kama angekwenda kucheza na wahunzi na walimu katika ligi za chini.

Sasa, Crewe na Brentford wanafanana wapi, ikiwa mmoja alilea watoto wadogo na mwingine akawafukuza? Wanafanana katika anayeshika mlango. Gradi alikaa Crewe tangu 1983 hadi alipompisha mwingine mwaka 2007. Thomas Frank aliingia Brentford mwaka 2016 kama msaidizi, akawa kocha mkuu mwaka 2018, akaondoka mwaka 2025, na mmiliki Matthew Benham alikuwa yuleyule muda wote huo. Kijana wa kikosi cha pili alijua anatazamwa na mtu atakayekuwapo mwakani. Katika klabu inayobadilisha kocha kila baada ya miezi minane, kila mgeni huja na wachezaji wake na mkopo wake, na vijana wa yule aliyefukuzwa huwa mizigo iliyosahauliwa kituoni.

Kwa hiyo klabu ndogo ikituuliza, hatutaanza kwa kuihoji juu ya fedha. Tutaihoji makocha wangapi wamepita katika miaka mitano, na nani mwenye neno juu ya mfumo wa uchezaji, kocha au klabu. Ikiwa jibu ni kwamba kila kitu huamuliwa na kocha wa leo, basi fedha za kikosi cha pili zitumike kwingine, na vijana wachache wapelekwe kwa mkopo katika klabu za chini, wakacheze. Ikiwa klabu ina njia yake isiyotegemea mtu, kikosi cha pili cha watu kumi na watano kitajilipa.

Jambo hili linatugusa sisi kama wazazi pia. Wapo miongoni mwetu wenye watoto ambao skauti ameshapiga hodi. Barua yenye nembo ya klabu huingia nyumbani, na shangazi aliyeko Tanga au Mombasa hupigiwa simu usiku huohuo. Furaha hiyo ni halali. Lakini kabla ya kutia saini tuulize: katika misimu miwili iliyopita, wangapi walitoka kikosi cha pili wakacheza timu ya kwanza, si mechi ya kombe la kupoteza muda, bali mechi ya ligi? Masomo ya mtoto yanasimamiwa na nani? Na akiachwa akiwa na miaka kumi na minane, klabu itamshika mkono kwa muda gani? Klabu yenye majibu itayatoa bila kukasirika.

Nyumbani nako swali hili lipo. Siku hizi masharti ya leseni za klabu hudai timu za vijana, na Tanzania ina mashindano ya chini ya miaka 20 kwa klabu za Ligi Kuu. Wapo wanaotimiza sharti kwa kukusanya vijana wiki moja kabla ya mashindano na kuwatawanya wiki moja baadaye. Mtibwa Sugar ya Turiani, Morogoro, klabu ya mashamba ya miwa iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, ni miongoni mwa zilizolichukulia jambo hili kwa uzito, na vijana wake wamewahi kutwaa ubingwa wa rika lao. Hilo halikuizuia kushuka daraja mwaka 2024. Lakini ilirudi msimu uliofuata, na hatushangai. Timu ya vijana haimzuii mtu kuanguka, ila humwachia mahali pa kushika anapoinuka.

Tunajibu basi. Klabu ndogo na iwe na kikosi cha pili, kidogo, chenye kazi moja ya kuingiza watu katika timu ya kwanza, na kihesabiwe kila mwaka kwa idadi ya walioingia. Mwaka ukipita bila hata mmoja, viongozi waulizwe sababu. Ikipita miaka mitatu, kifungwe, na vijana waelezwe mapema na kwa heshima, wakiwa bado na umri wa kwenda kutafuta pengine.